Mwalimu Aliyeazima Nguo za Watu

Mwalimu wetu hakuweza kupita mbele ya nguo iliyoanikwa bila kusimama. Awe anakwenda msikitini, awe anaiwahi kengele ya asubuhi, akiona leso nzuri kwenye kamba au kikoi kimetandazwa juu ya ua wa michongoma, breki za baiskeli yake zililia. Alishuka, akashika pindo, akaligeuza aone upande wa ndani. Kisha akapiga hodi na kuuliza kwa adabu zote kama leso hii ina kazi yoyote Ijumaa. Wanawake waliokaa karibu na shule walimzoea hata wakawa wakisikia kengele ya baiskeli yake wanaanua nguo zao zingali mbichi.

Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Tulimwita Mwalimu wa Michezo, na leo nikimkumbuka sioni haja ya kumpa jina jingine. Ukoo wake siujui. Najua kwao ni Msambweni, najua alipenda chai ya tangawizi kali mpaka machozi, na najua kwamba kipande cha chaki kwake kilikuwa kama dhahabu. Aliandika nacho hata kikawa kidogo kuliko punje ya mhindi, na bado hakukitupa, alikitia mfukoni mwa kanzu. Mtu huyo huyo aliweza kuchana shuka lake mwenyewe la kulalia ili watoto wapate mbawa za kunguru katika mchezo wa kunguru na mwewe. Ukimwomba chaki alikutazama kama umemwomba figo.

Darasani kwake hatukusoma tumekaa. Hadithi ya sungura tuliicheza, hadithi ya sultani tuliicheza, hata hesabu za kugawanya alituwekea jumbe, na wake zake, na muhogo wa kugawiwa. Chini ya dirisha aliweka sanduku la bati lililojaa nguo za watu. Nasema za watu kwa sababu hazikuwa zake. Kofia ya mpishi wa mwalimu mkuu ilikuwamo. Mwavuli wa karani wa Matuga ulikuwamo pia, na leso za Tiwi ambazo wenyewe walikuwa wamekwisha kukata tamaa nazo. Kuazima alikujua sana, kurudisha alikuwa hajajifunza. Mama mmoja alikuja siku moja akasimama mlangoni mwa darasa, akamwona binti amevaa kisutu chake katika mchezo, akakaa chini akautazama mchezo mpaka mwisho, halafu akamvua yule binti kisutu kimya kimya akaenda zake. Mwalimu alimsindikiza hadi njiani akimshukuru kwa kuhudhuria.

"Vaa nguo ya mwenzio ulijue joto lake," ndiyo ilikuwa kauli yake kubwa. Tuliisikia kila wiki. Na siwezi kusema ilikuwa kauli mbaya, maana mwaka ule Uhuru ulipokuwa ukikaribia, alimvika Bakari kuwa Gavana. Bakari alikuwa mtoto wa darasani mwetu, mtundu kuliko wote, mwana wa seremala. Alivikwa koti jeupe, na juu kofia ya karatasi ngumu iliyochomekwa manyoya ya jogoo. Akaketishwa juu ya meza. Sisi tukapita mbele yake mmoja mmoja tukimwinamia, naye Bakari akitupungia mkono kwa uvivu, kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Tulipokwisha kupita wote, Mwalimu akasema tumvue kofia. Tukamvua. Akauliza tunaona nini. Tukasema tunamwona Bakari.

"Basi," akasema, akafuta ubao. Somo la uraia lilikuwa limekwisha.

Alikuwa mtu wa mbwembwe, lazima niseme. Alikuwa na kioo kidogo mfukoni, akijitazama ndevu kabla ya kuingia darasani. Alipocheka alifunika mdomo kwa leso ya mkononi, tukadhani ni ustaarabu. Alifunga Ramadhani yote na sunna zake. Hata hivyo kila Krismasi alipanda mlimani kwetu, akasimama nje ya dirisha la kanisa, akawatazama watoto waliovaa kimalaika, na asubuhi yake akaniambia kwamba malaika wetu hawajui kushona mikono ya kanzu. Na alikuwa mwoga wa ndovu. Huku kwetu ndovu hushuka kutoka msituni wakala mahindi, kila mtu huwaogopa kwa kiasi chake, lakini yeye aliwaogopa hata walipokuwa kitabuni.

Kwetu ninakosema ni juu ya Kwale, kwenye mashamba ya makazi, ambako wazee wetu Wakamba walipewa ardhi wakaja na majembe, mbegu na mama zao. Wa kwetu alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sisi tunamwita susu. Shule ilikuwa chini, kwa Wadigo na Waduruma. Katika darasa la nne Mkamba nilikuwa mimi peke yangu, na sikuona shida, maana nilikuwa nimekwisha kukisema Kiswahili cha huko chini mpaka mama akaniuliza nyumbani kama nimeolewa pwani.

Sasa, kwa sherehe za Uhuru uwanjani Kwale, Mwalimu alipata wazo. Aliliita wazo la pilau. Siku hiyo Mdigo asiwe Mdigo, Mduruma asiwe Mduruma. Kila mtoto avae nguo za jirani, tuingie uwanjani tumechanganyika kama pilau, viongozi watuone. Darasa zima tulipiga makofi. Mimi nilipangiwa kuwa bibi wa mjini. Mwalimu aliniletea buibui la mkewe na kikuba cha asumini, akanifundisha kutembea pole pole kama mtu asiyekuwa na shamba la kupalilia. Lo, niliyapenda yale mambo. Nilikinusa kikuba mpaka maua yakanyauka.

Bakari na wavulana wengine wawili walipangiwa kuwa Wakamba.

Kwa Wamasai, Mwalimu alitafuta picha. Kwa Waluo alimwuliza polisi mmoja wa kituoni. Wakamba hakuwaulizia kokote, kwa sababu aliona anawajua, si wanapita hapa kila siku ya soko? Na alichokuwa amekiona kwa Wakamba ni meno. Wazee wetu walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Basi akachukua muhogo mbichi, akachonga vipande vyenye ncha kama meno ya papa, akawapachika wavulana midomoni. Akawapa na pinde. Siku ya mazoezi uwanjani pa shule walitokea mbio wakikenua, mate yakiwachirizika kwa ajili ya ule muhogo, Bakari akitoa sauti za kung'ata. Shule nzima ilianguka kwa kicheko. Mwalimu alicheka kuliko wote, akafuta machozi kwa leso yake. Mimi nilikishika kikuba changu nikakitazama.

Baba yangu alikuwa akitoka Kwale kununua mpini wa jembe. Alisimama kwenye ua wa shule, akaona. Bakari ndiye aliyemwona kwanza, maana alimjua, akafunga mdomo. Baba akaingia uwanjani. Si mtu wa kelele. Alimsalimu Mwalimu, akaitikiwa, kisha akamwonyesha Bakari kwa ule mpini.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Huyu ni Mkamba, mzee," akasema Mwalimu, bado akijifuta macho.

"Mimi namwona mama yangu," akasema baba.

Akanishika mkono. Tulipanda mlima mimi na buibui langu, pindo likizoa vumbi, mpaka nyumbani. Jioni baba alisema shule yangu imekwisha. Alinipeleka, akasema, nikajue zaidi yake, hakunipeleka nikajue kumcheka aliyemzaa. Mama alijaribu kusema kwamba mimi sikucheka. Baba akasema hakuna tofauti, leo sikucheka, mwaka ujao nitacheka, na mwaka wa tatu nitaona haya kutembea na susu njiani.

Niliyajua ya baba. Akisema imekwisha, imekwisha. Dada zangu wawili hawakuwahi kusoma, na hakuna aliyeona ajabu. Nikapewa jembe. Asubuhi niliwasikia watoto wa jirani wakiteremka kwenda shule, sauti zao zikienda zikipungua, nami nikabaki na mahindi. Basi nikayafanya mahindi kuwa darasa langu. Mstari wa kwanza niliusomesha kusoma, wa pili hesabu za jumbe na muhogo. Kulikuwa na muhindi mmoja uliopinda, huo niliuita Bakari, nikawa nikiukaripia. Mama alinisikia akaenda kulia jikoni. Nilikuwa na moyo wa furaha tangu utoto, watu wote husema hivyo, lakini siku zile nilifurahi kwa nguvu, kama mtu anayevuta maji kisima kirefu.

Jumamosi moja tulisikia mtu anaimba kwa sauti kubwa njiani. Alikuwa Mwalimu. Alipanda mlima akiisukuma baiskeli, kanzu imepandishwa hadi magotini, akiimba kasida ili ndovu wamsikie wamkimbie. Kwa desturi ya huko chini alikuwa ametanguliza mzee wa Kwale kuja kumwulizia njia kwa baba, na baba alimjibu yule mzee kwamba njia iko wazi, haijafungwa na mtu. Alileta kikapu cha halua. Mama alikuwa ameshalifua lile buibui, akalipiga pasi ya makaa, akalikunja. Alimkabidhi hata kabla ya kumkaribisha kiti. Nilimwona Mwalimu akilipokea kwa mikono miwili, nikauona na uso wake ulivyokuwa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu kumrudishia kitu kabla yeye hajasahau.

Akaanza kumwomba baba radhi. Baba akamkata kwa upole.

"Mwenye neno si mimi. Yuko pale."

Susu alikuwa mlangoni mwa jikoni akimenya mbaazi. Kiswahili alikuwa hakijui hata cha kuombea maji. Ndipo nikaitwa mimi. Nilikaa katikati yao juu ya kigoda, na shule yangu yote ilikuwa ulimini mwangu.

Mwalimu alianza salamu za pwani. Habari za asubuhi, za nyumbani, za afya, za mvua, za shamba, za watoto. Nikawa nafupisha.

"Anasema nini muda wote huo?" susu akaniuliza kwa Kikamba.

"Anakusalimu."

"Bado?"

Nilimwambia Mwalimu kwamba salamu zimefika. Akavua kofia. Akasema nimwambie bibi amekosa, alidhani ni mchezo, hakukusudia dharau. Nikasema. Susu aliendelea na mbaazi zake. Kisha akataka nimwulize hayo meno aliyaona wapi. Akasema aliyaona sokoni Kwale, kwa wazee. Je, aliwauliza wenyewe? Hakuwauliza.

"Basi amechonga bila kutazama," susu akasema. "Mwambie asogee atazame."

Akafungua mdomo. Mwalimu akanitazama mimi, akamtazama baba, halafu akapiga magoti pale vumbini na kanzu yake, akainama. Nami nikifasiri, sentensi baada ya sentensi, nikasikia kitu nilichokuwa sijawahi kuambiwa. Kwamba alikuwa msichana mdogo kuliko dada yangu. Kwamba fundi alikuwa mzee mwenye mkono mwepesi, na yeye alishika goti la mama yake, hakulia. Kwamba wenzake wawili walilia. Kwamba midomo ilipopoa alikwenda ngomani, na watu wakaulizana huyu ni binti wa nani.

"Ndiyo siku niliyokuwa mzuri," susu akasema. "Sikuwahi kuwa mzuri namna ile tena."

Nilipolifasiri hilo Mwalimu alisogea zaidi akatazama tena, safari hii jino moja moja.

"Sasa yeye afungue wa kwake," susu akasema.

Niliogopa kumwambia mwalimu wangu neno kama hilo, lakini nilimwambia. Akaiweka chini ile leso yake ya mkononi, akafungua mdomo. Kumbe ndiyo siri ya leso. Upande wa kushoto kulikuwa na pengo la kupitisha kidole. Susu alimshika kidevu akachungulia sana, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Hili lilikwenda wapi?"

Mwalimu alikohoa. Akasema lilivunjika Tiwi, alipoanguka na baiskeli. Susu akataka kujua alianguka kwa nini, njia ya Tiwi si tambarare? Ikabidi aseme kweli, kwamba alikuwa akitazama leso kwenye kamba. Nilipofasiri, baba, ambaye muda wote alijifanya anatia mpini kwenye jembe, ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu susu. Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika, na Mwalimu akacheka naye, pengo wazi, bila leso.

Susu alipopata pumzi alitoa hukumu yake. Nguo atampa, na mikufu ya shaba, na shanga. Meno hapati. Nguo huazimwa, akasema, lakini meno aliyalipia yeye kwa maumivu yake, hayaazimwi. Na hao wavulana waletwe hapa awaone, hatawavika watoto asiowajua.

"Na huyu?" Mwalimu akauliza, akinitazama.

Hilo sikulifasiri. Sikujua kama ninaruhusiwa. Susu hakuhitaji kufasiriwa. Alimwambia baba maneno machache. Baba akaupigilia mpini kwenye jembe mara moja ya mwisho.

"Jumatatu," akasema.

Basi kila Jumamosi mpaka Uhuru wavulana watatu walipanda mlima nyuma ya Mwalimu, wote wanne wakiimba kasida ya ndovu. Susu aliwalisha muthokoi kwanza, yale mahindi ya kutwangwa na maharagwe, maana alisema hakuna anayecheza ngoma ya watu na tumbo lenye chakula cha kwingine. Siku moja alitaka kuwapa kuku, akaelezwa kwamba Waislamu hawali mpaka achinje Mwislamu. Akamtia Mwalimu kisu mkononi na kuku mkononi, achinje basi. Mwalimu alichinja macho yamefumba nusu, akasoma bismillahi ndefu kuliko salamu zake. Kisha ngoma. Susu aliwapiga magoti kwa mwiko wakiruka vibaya. Bakari, aliyekuwa haogopi fimbo ya mwalimu mkuu, alimwogopa susu, na akampenda. Mwisho akawa anamletea mapande ya mbao za baba yake awashie moto.

Siku yenyewe watu walijaa uwanjani. Habari za meno ya muhogo zilikuwa zimekwisha kusambaa, na wavulana walipotokea wamevaa nguo za susu na mikufu yake, vijana wa nyuma wakaanza kuuliza kwa sauti, wako wapi wenye meno, tuonyesheni meno. Susu alikuwa ameketi mbele na baba. Wale wavulana wakasita. Nilimwona Mwalimu akitoka pembeni, amevaa kanzu yake ya Idi. Akasimama mbele ya wale vijana, akafungua mdomo wake wazi, akawageuzia shavu la kushoto ili waone vizuri. Alibaki hivyo, mtu wa mbwembwe yule, mbele ya Kwale nzima. Kicheko kikageuka kikawa cha kumcheka yeye. Kisha akaashiria ngoma ianze. Bakari akaruka. Nilimwuliza susu baadaye ameonaje. Akasema ameruka chini mno, lakini ataruka juu akikua.

Msidhani toka siku hiyo Mwalimu akawa malaika mwenye mikono ya kanzu iliyoshonwa vizuri. Alilalamika. Aliniambia mara nyingi kwamba susu wangu amemharibia kazi. Zamani mchezo uliandaliwa kwa siku chache, sasa kila nguo ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana maneno. Mwaka uliofuata alitaka Wamasai, akaapa hatatumia picha. Akaenda Kinango siku ya mnada wa mifugo amwombe mchungaji wa Kimasai shuka lake. Alirudi jioni amejaa vumbi, hana shuka, ana mbuzi. Mchungaji alikuwa amemkatalia shuka, akamwuzia mbuzi. Mwaka ule hatukuwa na Wamasai. Michezo yake ikawa mifupi, watu wachache, na kwa kweli baadhi ya watu walisema imepoa. Mimi niliyeiona yote miwili nasema ile ya kwanza ilichekesha zaidi. Ile ya pili baba yangu alikuja kuitazama.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Zaidi ya hapo haikuwezekana, lakini wa kwetu waliofika huko ni mimi wa kwanza. Watu wengi wazima walinikosea nilipokuwa mdogo, kama wanavyokosewa watoto wote, na wengi waliacha yapite. Mmoja tu aliyasukuma makosa yake na baiskeli mpaka mlimani, akayapigia magoti mbele ya kikongwe asiyejua lugha yake, na mwanafunzi wake akisikiliza. Kila ninapoandika jina langu nashukuru kwa ile Jumatatu.

Siku hizi mimi mwenyewe nina darasa, la watoto wadogo, chini ya mabati tuliyoyachangia kwa harambee huko huko mlimani. Wengi ni Wakamba, na wachache wa Kitaita. Nina ndoto nyingi, moja ni pazia la kweli la kufungua na kufunga. Sikukuu ya Jamhuri ilipokaribia nilitaka watoto wa kike wacheze ngoma ya Waduruma, kiongozi wao avae hando, ile sketi nyeupe ya marinda mengi ambayo wanawake wa huko walivaa. Huko kwetu hakuna mwenye hando. Nikakumbuka mke wa Mwalimu ni Mduruma wa upande wa Kinango. Mwalimu alikuwa amekwisha kustaafu, amerudi Msambweni. Nikafunga safari na kilo mbili za mbaazi.

Amekonda. Ndevu ni nyeupe, na miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshanishika mikono yote miwili, akaita ndani kwamba Mwikali wa mlimani amekuja. Mkewe alitoka, mama mwenye maneno machache na macho ya kuona. Nikaeleza haja yangu. Kabla sijamaliza Mwalimu alishasema hilo si neno, lipo, nichukue. Nikamgeukia mkewe, nikamwomba yeye.

Alifuta mikono. Akaingia ndani akatoka na hando limefungwa katika kanga, akalifungua juu ya mapaja yake. Marinda yalikuwa mengi kama kurasa.

"Lishike, mwanangu," akasema. "Ni la marehemu mama. Lishike ulitazame vizuri. Lakini sitoi. Bado namlilia mwenyewe."

Nilimshukuru. Nililishika, nikaliinua kidogo nisikie uzito wake, nikamrudishia. Tulikunywa chai ya tangawizi, tukazungumza habari za watoto wangu wa mlimani, nikaaga. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye minazi ya njia kuu niliposikia mtu anaita nyuma yangu, na breki za baiskeli. Mwalimu alishuka anahema. Alitazama nyuma, akatoa kifurushi chini ya kanzu.

"Chukua upesi," akasema. "Nitakuja kulichukua Jumapili, hatafungua sanduku mpaka mwisho wa mwezi."

Nilikiona kipande cha rinda jeupe kimechungulia kwenye kanga.

"Mwalimu, mwenyewe amekataa."

"Najua amekataa. Si nilikuwapo?" Akanisogezea. "Watoto watacheza na nini?"

"Watacheza na sare zao."

"Hando na sare ni kitu kimoja?"

"Si kimoja," nikasema. "Amekataa, Mwalimu."

Aliniangalia juu ya miwani yake. Nilidhani atakasirika, maana sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Kisha mabega yakamshuka, akalitazama lile furushi kama mtoto aliyekamatwa na embe la jirani. Tuligeuka wote wawili. Kule mwisho wa njia mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, akitutazama.

"Sasa nitamwambia nini?" Mwalimu akaniuliza, na aliniuliza kweli.

"Mwambie umekosa."

Akafikiri. Upepo ukamchezea ndevu.

"Basi nisindikize," akasema.

Nikaishika baiskeli yake. Yeye alilichukua hando kwa mikono miwili, akalinyanyua mbele ya kifua pindo lisiguse vumbi, tukarudi.